Jakaranda Yangu, Mkrismasi Wake

Mume wangu ni mtu wa kukubali. Nalisema hili mapema usije ukadhani nimeolewa na mkorofi. Kwa miaka thelathini na minane ya ndoa yetu nimechagua mimi rangi za kuta, shule za watoto, upande wa kitanda wa kulala na hata fremu ya miwani yake ya kusomea, na kila mara yeye husema, "Sawa, mama." Kazini kwake walimpachika jina la Kimya, likamfuata mpaka nyumbani. Mimi mwenyewe namwita Kimya nikiwa na raha naye. Nikikasirika namwita mzee, na mwaka ule ninaousimulia alikuwa mzee karibu kila siku.

Kwa hiyo alipoikataa jakaranda yangu, nilimshika paji la uso nione kama ana homa.

Lakini nianze naye, maana habari hii ni yake, hata kama mimi ndiye mwenye mdomo. Alikuwa mchanganya wino kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja. Watu wanadhani wino hutolewa kwenye kopo ukamiminwa kwenye mashine, basi. Thubutu. Mteja huja na kipande cha karatasi, au kitambaa, na siku moja alikuja mtu na ganda la chungwa, akasema nataka jalada la kitabu changu liwe rangi hii hii. Hapo ndipo walipomtafuta Kimya. Alikuwa na bamba la kioo na kisu kipana butu. Anachota njano nyingi, nyekundu kidogo, tone la nyeusi, anasugua, anachovya ncha ya kidole, anagonga kwenye karatasi, halafu anatoka nayo mlangoni kuitazama kwenye jua, kwa sababu taa za kiwandani alikuwa hazisadiki. Wenzake wanabishana, mabosi wanapiga kelele, yeye anarudi ndani kuongeza tone. Mwisho wake mteja aliliweka lile ganda juu ya karatasi na hakujua linaishia wapi.

Nilikuwa najua kiwandani wamechapa nini kwa kumtazama kucha. Kijani ni majalada ya madaftari, nyekundu ni kalenda. Siku alipokuja kwetu kujitambulisha kwa wazazi wangu zilikuwa za bluu tupu, na baba yangu akanivuta pembeni kuniuliza kama moyo wa huyo kijana unafanya kazi sawasawa.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele, cherehani ya miguu, meza ya kukatia chini ya dirisha, na dirisha linatazama uwanja wetu mdogo wa mbele. Ulimi wangu ni mkali kuliko mkasi wangu, na mkasi wangu naunoa kila Jumatatu. Sijivunii hilo, lakini sitaki nikufiche, kwa sababu bila kulijua hutaelewa kwa nini watu wote walinyamaza.

Mambo yalianza na taa. Nilibadilisha balbu ya chumba cha kushonea mara tatu kwa mwezi mmoja, na kila mara nikamlaumu mwenye duka kwamba anauza balbu zilizochoka. Nikahamia kwenye kioo cha dirisha, nikakisugua mpaka bega likauma. Halafu zikaja nyuzi. Muuza nyuzi nilimpa vidonge vyake mbele ya wateja wake, nikamwambia zambarau anayouza siku hizi imechujuka kabla haijafuliwa, na bluu yake haina tofauti na nyeusi. Maskini akaniletea kasha zima nichague mwenyewe. Nikachagua. Wiki ile nilikuwa na magauni kumi na mawili ya kikundi cha kina mama, yote ya zambarau, nikayashona yote kwa uzi wa kijivu. Wakaja kuyachukua, wakayageuza geuza, wakatazamana, wakanishukuru wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kufungua mdomo. Baadaye sana ndipo niliposikia kwamba waliyapeleka kwa fundi mwingine akayafumua.

Nilikuwa napoteza macho. Leo nalisema bila shida. Wakati ule ungeniambia hivyo ningekutoa nje. Na kusema kweli, moyoni nilikuwa nimeshaanza kujua. Kutunga uzi kwenye sindano zamani kulikuwa kazi ya pumzi moja, sasa chai ilikuwa inapoa mezani bado natafuta tundu. Nilijua, nikajitia hamnazo, maana fundi asiyeona atafanya nini? Sina kazi nyingine. Kukaa bure sikuwezi. Mikono yangu ikikosa kitambaa inaanza kutafuta ugomvi.

Mara mbili Kimya alinigusia habari za daktari wa macho. Mara ya kwanza nilinuna siku nne. Mara ya pili nikamwuliza kama anataka nitangazwe kipofu ili apate sababu ya kuoa mwingine wa kumshonea mashati. Hakunigusia tena.

Basi, mwaka huo jirani akakata mti wake ili ajenge banda la gari, na jua lote la alasiri likahamia kwangu. Likawa linaingia dirishani linanipiga usoni, naona mng'ao mtupu, kitambaa siwezi kukiona. Pazia likifungwa, giza. Likifunguliwa, moto. Nikamwambia mume wangu, "Tupande mti hapo mbele. Tupande jakaranda."

Nilikuwa na sababu zangu. Jakaranda nimeipenda tangu utoto. Kuna mtaa tulikuwa tunapita kwenda shule, na msimu wa maua ardhi yote inakuwa zambarau, sisi tunatembea polepole tusiyakanyage. Tena ni mti wa adabu. Kivuli chake ni chepesi, hakileti giza ndani. Mizizi yake haina fujo sana. Nikayasema yote hayo, nikasubiri "Sawa, mama."

Akasema, "Mkrismasi."

Mkrismasi aliousema si ule wa kuwekwa sebuleni ukatundikwa taa. Ni ule mti mpana kama mwavuli, unaojaa maua mekundu mpaka majani huyaoni. Mti mzuri, sikatai. Lakini mizizi yake inatambaa juu juu, inanyanyua sakafu, inapasua kuta, inaingia kwenye mabomba ya maji machafu. Halafu una yale maganda marefu meusi, magumu, yanayokuangukia kichwani. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Mkrismasi," akasema tena.

"Kwa nini, mzee?"

"Mwekundu."

Nikangoja aongeze neno. Hakuongeza. Mtu mzima, amekula chumvi miaka sabini na moja, ana neno moja tu la kutetea mti wa kupasua bomba la choo. Tulibishana hivyo wiki mbili nzima. Yaani mimi nilibishana wiki mbili, yeye alisema "mkrismasi" kama mara sita. Nikampigia simu binti yetu kumshtaki baba yake. Binti akacheka, akasema, "Mama, baba ameshika kani? Baba yupi huyo?" Nikakata simu.

Mwisho tukakubaliana kumwita Mama Miche atuamulie.

Mama Miche ana kitalu karibu na kisima cha mtaa, miche yake imepangwa kwenye pakiti za maziwa na mifuko myeusi, na yeye mwenyewe yuko katikati na ndoo, viatu vya plastiki, kofia ya mume wake marehemu. Ana utaratibu wake. Maua ya kopo atakuuzia hapo hapo. Mti wa kivuli hakuuzii mpaka aje kwako. Anakuja na kamba, kigingi na debe la majivu. Anachomeka kigingi unapotaka mti, anapima kamba kwa upana ambao mti utafika ukikua, anazunguka akimwaga majivu, na unaachiwa duara chini. Halafu anakuambia kaa humo, tembea, leta kiti chako. Kama duara linapita juu ya ukuta wa jirani, utajua mwenyewe. Anasema watu wengi wananunua mche wenye kimo cha kuku wakasahau kwamba wamenunua mti.

Alikuja asubuhi, na zaidi ya kamba na majivu alikuwa amebeba ungo umefunikwa kwa kitambaa. Akachora duara la jakaranda. Likakaa vizuri mbele ya dirisha langu. Akachora la mkrismasi. Likavuka bomba, likapanda ukuta, likaingia barazani. Nilimgeukia mume wangu nikiwa nimeshashinda.

"Tuusogeze kule kwenye kona," akasema. "Kule hakuna bomba."

"Kule kivuli hakitafika dirishani," nikamwambia. "Huo mti wa kivuli utamtilia nani kivuli, mbu?"

"Utaonekana," akasema.

Mama Miche akaomba tuingie ndani. Nikatandika kitambaa cheupe juu ya meza yangu ya kukatia, akafunua ungo, akamwaga maua mafungu mawili. "Majivu yanaonyesha upana tu," akasema. "Mtu anaishi na maua. Hebu tazama, fundi, uchague lako."

Nikainama. Fungu la kulia lilikuwa jekundu, linawaka. "Haya ya mkrismasi nayaona, mazuri," nikasema. "Lakini mbona hujatenda haki, Mama Miche? Haya ya jakaranda umeniletea yaliyonyauka. Yamekuwa kijivu kabisa. Ungetafuta mabichi."

Nikainua uso. Mama Miche alikuwa ananitazama mimi, hayatazami maua. Mume wangu alikuwa amegeukia dirishani.

"Nimeyachuma nikiwa njiani kuja hapa," Mama Miche akasema taratibu. "Bado yana umande."

Nikayashika. Yalikuwa laini, baridi, yamejaa maji. Vidole vyangu havijawahi kunidanganya hata siku moja. Nikavuta kasha langu la nyuzi, nikachomoa kibonge cha uzi, nikakibwaga mezani. "Zambarau ninaijua. Nimeshona zambarau kabla wewe hujajua kumwagilia. Hii hapa."

Mama Miche akakichukua kile kibonge, akakiweka katikati ya maua ya jakaranda. "Fundi," akasema, "huu uzi ni wa kijivu."

Nilimfukuza. Najua haipendezi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia atoke na majivu yake, na akatoka, ungo wake akauacha. Kisha nikaketi kwenye kiti cha cherehani nikiwa nimeishika meza, nikiogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa tangu nizaliwe. Niliyaona yale magauni kumi na mawili. Niliona watu wakitazamana. Nikamwona muuza nyuzi na kasha lake.

Kimya akavuta kigoda akakaa mbele yangu. "Mama," akasema, "kesho tunakwenda kwa daktari wa macho."

Sikununa. Sikuwa na nguvu ya kununa.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yangu. Aliniweka kidevu kwenye chuma, akanimulika, akaniuliza nafanya kazi gani, akaguna. "Mama una mtoto wa jicho, macho yote mawili," akasema. "La kulia ndilo baya zaidi. Kioo cha ndani ya jicho kimegeuka njano, kwa hiyo bluu na zambarau ndizo zinazopotea mapema. Nyekundu inabaki baki. Hicho tunakitoa, tunaweka kioo kipya. Ungengoja zaidi kingekuwa kigumu kukitoa."

"Mnakitoa kwa kitu gani?" nikauliza.

"Kwa upasuaji."

Mimi nimeshika mkasi maisha yangu yote, najua chuma kikiteleza inakuwaje. Nikasema ahsante sana daktari, tutakwenda nyumbani kufikiri.

"Hatufikiri," mume wangu akasema. "Andika jina lake."

Daktari akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaandika. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti ile. Nikamfuata hadi nje kama mtoto anayepelekwa sindano, na njia nzima sikumwita mzee.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, maana nilifumba kila kitu kinachofumbika. Unakuwa macho, unasikia wanavyoongea, unaona mwanga unacheza, maumivu hakuna. Kitu kilichonisaidia ni kujua kwamba nje ya ule mlango, kwenye benchi la mbao, yupo mtu ambaye hataondoka hata jengo lianguke. Wakanifunika jicho, wakaniambia nirudi kesho yake.

Kesho yake muuguzi akanikalisha, akabandua bandeji, akasafisha, akasema nifungue polepole. Nikafungua. Mbele yangu alikuwa amesimama mume wangu. Nikaona mikunjo ya uso wake, mingi, mipya, sijui aliipata lini. Nikaona nywele nyeupe masikioni. Nikaona kucha zake, safi, za mstaafu. Halafu nikaliona shati.

Lilikuwa shati nililomshonea mimi mwaka uliopita, alipotimiza miaka sabini. Shati la bluu. Kifua cha bluu, mgongo wa bluu, mkono wa kulia wa bluu. Mkono wa kushoto ulikuwa wa zambarau.

Nilikata mkono ule kwenye kitambaa kingine, nikaupachika, nikaupiga pasi, nikamvalisha mwenyewe na kumwambia amependeza. Na shati lile alikuwa amelivaa mwaka mzima. Alilivaa kwenye mahafali ya mjukuu wetu. Alilivaa alipokwenda kuwasalimia wenzake wa kiwandani, mafundi wa rangi watupu, watu wanaoweza kuona tofauti ya nyeusi mbili. Mchanganya wino wa miaka thelathini na mmoja, mtu aliyerudi kuongeza tone moja la nyeusi kwa sababu ya ganda la chungwa, alitembea mjini na mikono miwili ya rangi mbili.

"Umekuwa ukivaa hivi?" nikamwuliza.

Akautazama mkono wake wa kushoto. "Ni shati zuri," akasema. "Linanikaa vizuri begani."

Muuguzi akadhani nalia kwa maumivu, akaniongezea dawa ya matone.

Siku zile nilizunguka nyumbani kama mwehu. Nilifungua kasha la nyuzi nikazipanga upya zote. Nikaenda kwa muuza nyuzi nikamwomba radhi mbele ya wateja, kwa sauti ile ile niliyomtukania, ili hesabu iwe sawa. Wale kina mama nikawaita waje na vitambaa vipya niwashonee magauni mengine bure, na walikuja wote kumi na wawili, safari hii wakicheka. Jicho la kushoto lilikuwa bado linangoja zamu yake baada ya miezi miwili, lakini la kulia lilitosha kunirudisha kwenye meza yangu. Kila asubuhi nilipotunga sindano kwa pumzi moja nilimshukuru Mungu, nikamshukuru yule daktari msichana, na nikamshukuru Mama Miche.

Nikaona huyu wa mwisho naweza kumfikia kwa miguu. Nikabeba ungo wake, nikaenda kitaluni.

"Nimekuja kukushukuru," nikamwambia, "na kukuomba radhi. Nilikufukuza nyumbani kwangu, na wewe ndiye uliyeniokoa. Kama si maua yako, leo ningekuwa napapasa. Tena nimekuja kuchukua jakaranda yangu, maana sasa naiona."

Mama Miche akaweka ndoo chini, akajipangusa mikono kwenye gauni. "Asante yako naipokea nusu," akasema. "Nusu nyingine si yangu."

"Ya nani?"

"Nilimwahidi sitasema. Lakini wewe umekuja mpaka hapa na ungo kichwani, sitakurudisha na asante ya mtu mwingine." Akanisogezea kiti. "Wiki tatu kabla sijaja kwako, mumeo alikuja hapa peke yake. Alisimama pale kwenye pipa muda mrefu. Nikamwuliza anatafuta nini, akanyamaza mpaka nikadhani hasikii. Halafu akaniuliza ni mti gani wenye maua mekundu kuliko yote."

Nikakaa.

"Nikamwonyesha mkrismasi. Nikamwuliza kwa nini lazima mwekundu. Akasema, 'Mke wangu zambarau imemwacha. Bluu nayo imemwacha. Nyekundu bado anayo, nimemtazama anavyochukua vikombe vyekundu bila kukosea.' Akaniambia mama yake mzazi alikwenda hivyo hivyo, rangi moja baada ya nyingine, na nyekundu ikawa ya mwisho. Wakati huo hawakuwa na daktari wala mtu wa kuwaambia kwamba kuna dawa. Akasema anataka uwe na kitu kikubwa chekundu mbele ya dirisha lako, ili siku vingine vyote vikiondoka, ukiinua uso kwenye cherehani kiwepo."

"Mkrismasi hautoi maua leo," nikasema.

"Nilimwambia. Miaka mitano, labda zaidi. Akasema ndiyo maana ana haraka. Mimi nikamwambia, mzee wangu, kabla ya mti aende kwa daktari, siku hizi macho yanatibika. Akasema, 'Nimejaribu mara mbili. Mimi hanisikii.' Ndipo nikasema nitakuja na maua, tuone kama maua atayasikia."

Daktari alinikataza kusugua jicho. Kulia hakunikataza. Nikalia pale kitaluni katikati ya pakiti za maziwa, na sikujali nani anapita. Nilikuwa naona aibu, tena nina furaha, vyote kwa pamoja. Wiki mbili nilimwita mkaidi. Nilimwambia mti wake utawatilia kivuli mbu. Nilimshtaki kwa mtoto wake. Na yeye alikuwa na sababu nzima, kubwa, tamu, angeweza kunifunga mdomo nayo siku ya kwanza. Lakini kuisema kungekuwa kuniambia usoni kwamba napofuka, na hakutaka mimi niumie. Akabaki na neno moja tu, mwekundu, nikamcheka nalo.

Wapo wanawake wanaosifiwa na waume zao kutwa nzima. Mimi nimepewa huyu. Sijui nilimfanyia Mungu jema gani.

Mama Miche akaniacha nimalize. Kisha akaenda kwenye safu ya nyuma akarudi na mfuko mweusi. "Jakaranda yako," akasema.

"Nipe mkrismasi."

"Fundi, sasa unaiona zambarau. Na ile kona kivuli hakitafika dirishani, ulisema mwenyewe."

"Nitashona pazia," nikasema. "Nipe mkrismasi."

Miche ya miti hii miwili ikiwa midogo hufanana, majani yote laini kama manyoya. Mama Miche akanionyesha: ya jakaranda hutoka mawili mawili yakitazamana, ya mkrismasi hutoka moja huku, moja kule. Nikachagua mwenyewe kwenye safu, kwa jicho langu, nikachukua uliosimama wima kuliko yote.

Nilimkuta mume wangu barazani. Akaupokea mfuko, akashika jani, akalisogeza kwenye jua.

"Mama, huu ni mkrismasi."

"Najua."

"Wamekukosea?"

"Hakuna aliyenikosea. Chukua jembe."

Akaenda kwenye kona, mimi nyuma yake na mche mkononi, maana kuinama nilikatazwa. Akaanza kuchimba. Jembe lilikuwa linaingia vizuri, mvua ilikuwa imenyesha juzi yake.

"Mama Miche ameniambia," nikasema.

Jembe likasimama. Hakugeuka. Alilitazama shimo kama mtu aliyedondosha kitu ndani yake.

"Alisema hatasema."

"Amesema. Vikombe, mama yako, kila kitu."

Akachokoa udongo kidogo kwa ncha ya jembe.

"Kimya," nikamwita. "Asante."

Hapo akageuka. Alikuwa anatoka jasho, na uso wake ulikuwa umechanganyikiwa kweli, kama mtu aliyepewa mzigo wa jirani. "Asante ya nini, mama? Mti wenyewe haujatoa hata ua moja."

"Nimeshaliona," nikamwambia.